Akina mama wa Mwaloni wanataka daftari lisilofutika. Niwape blokucheni?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Nyegezi hapa Mwanza. Huu ni mwaka wangu wa nne natengeneza tovuti. Nilianza na ya kanisa letu bila malipo, ikaja ya shule moja ya awali kule Buhongwa, kisha nyumba za wageni na duka la vipuri vya injini za mitumbwi. Natumia WordPress zaidi, na kazi ikiwa nzito naandika mwenyewe kwa PHP. Nisiseme uongo, chumba kinalipika na mdogo wangu anasoma.

Ila nimechoka, Mjomba. Kila mteja anataka picha ya Mwamba wa Bismarck juu, namba ya WhatsApp chini, halafu bei anayoitaja ni ya kununulia viatu. Mwezi uliopita nimenyang'anywa kazi na kijana anayetengeneza tovuti kwa laki na nusu, hostingi humo humo. Nikifungua kompyuta asubuhi najua mpaka jioni nitakuwa nimefanya nini, na hilo ndilo linaloniumiza.

Sasa kuna mambo mawili yamenifika kwa pamoja.

La kwanza, rafiki yangu tuliyesoma naye chuo yuko Dar es Salaam kwenye kampuni changa inayojenga programu za mtandao uliogatuliwa, usio na mwenye mmoja, ule wanaouita Web3. Ananitaka nihamie huko. Mshahara ni laki tatu taslimu kwa mwezi, zinazobaki wanalipa kwa tokeni, yaani sarafu za kidijitali za kwao wenyewe, ambazo hazijaanza kuuzwa popote. Anasema tovuti za kawaida zimeshakufa, zinasubiri kuzikwa, na nikichelewa nitabaki kama fundi wa kaseti.

La pili, mama yangu ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake 34 wa dagaa. Wanachanga fedha, wananunua mzigo wa Ukerewe na visiwani, wanauzia soko la Mwaloni pale Kirumba, kisha wanagawana kwa kilo za kila mmoja. Mwaka jana katibu waliyekuwa naye alibadilisha namba kwenye daftari. Ushahidi haukuwepo, ikawa neno lake na maneno ya wenzake, nusura kikundi kivunjike. Wameniomba niwatengenezee mfumo "ambao hata wewe mwenyewe huwezi kufuta". Hayo ni maneno ya mwenyekiti wao. Nilipomsimulia rafiki yangu akacheka, akasema hiyo ni kazi ya blokucheni kabisa, lile daftari la mtandaoni linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, mkataba janja mmoja unatosha, na nitapata mradi wa kuonyesha.

Nimejifunza Solidity, lugha ya kuandikia mikataba hiyo, wiki tatu, usiku. Inanipa raha ambayo sijaipata tangu chuo. Lakini karibu nusu ya hao akina mama wana kitochi, na mama akiniuliza "hiyo gesi unayoisema inalipiwa wapi?" najikuta nabadilisha mazungumzo. Kaka yangu yeye anasema Web3 yote ni upatu uliovaa suti. Nimeahidi kumjibu rafiki yangu mwisho wa mwezi.

Niache kazi niliyonayo niende huko, au nibaki na PHP yangu? Na akina mama niwape nini?

Binti wa Nyegezi

*

Marahaba, mpwa wangu.

Tuanze na akina mama. La rafiki yako litajijibu njiani.

Mama yako anakijua ugatuzi kuliko mimi na wewe. Muulize sanduku la kikoba linafungwaje. Vikundi vingi vina sanduku la kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Siku ya mkutano linafunguliwa mbele ya wote, hesabu inasomwa kwa sauti, na kila mtu anatoka pale salio likiwa kichwani. Atakayetaka kuiba itabidi ashawishi watu wanne na azibe masikio ya thelathini. Sasa daftari la dagaa, kwa ulivyoeleza, lilikuwa moja, mkononi mwa mtu mmoja, na kalamu yake mwenyewe. Fedha walizifungia kufuli tatu, namba zinazosema fedha ni za nani wakaziacha nje.

Mfumo wa kawaida, ule unaoujenga kila siku, ni daftari la aina hiyo. Kuna seva moja na databesi moja, na mwenye nywila ya databesi ana kalamu na kifutio. Blokucheni inaipa kila kompyuta inayolitunza daftari kopi nzima, na kila ukurasa mpya unabeba alama iliyokokotolewa kutoka ukurasa uliotangulia, kiasi kwamba ukigusa tarakimu moja ya juzi, kurasa zote za mbele zinakukana. Bitcoin ilianza hivyo Januari 2009, kwa kazi ya fedha tu. Ethereum ilipokuja Julai 2015 ikaruhusu programu ziishi ndani ya daftari lenyewe, ndiyo hiyo mikataba janja unayokesha nayo.

Kabla ya kuchagua kati ya mfumo wa kawaida na blokucheni, mimi huuliza jambo moja: hapa nani hamwamini nani, na wanatofautiana wapi? Kikundi chenu kina watu 34 wanaokutana uso kwa uso na kujuana mpaka majina ya watoto. Hawana ugomvi na databesi. Ugomvi wao ni na mtu aliyekuwa ameshika kalamu.

Halafu kuna mahali ambapo wewe na rafiki yako wote wawili mmeparuka: mizani. Nenda Mwaloni alfajiri ukasimame. Gunia linashuka, linawekwa, mmoja anasoma, mwingine anaandika, na pembeni dalali anaharakisha kwa sababu kuna lori linataka kuondoka. Gunia la kilo 47 likisomwa 41, mnyororo wako wa blokucheni utaitunza hiyo 41 kwa uaminifu wa ajabu mpaka watoto wa watoto wenu. Dagaa wakiwa hawajakauka vizuri, wakipimwa tena baada ya siku mbili za jua, kilo zimepungua bila mwizi yeyote. Waliokaushwa chini wana mchanga, nao mchanga unapimwa kama dagaa. Hakuna msimbo unaoona hayo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfumo wako haihusu kompyuta: mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na kila gunia lisomwe na watu wawili, mmoja akiwa ndiye mwenye gunia.

Tukirudi kwenye swali la mama kuhusu gesi, umelikimbia kwa sababu jibu lake linauma. Kila unapoandika kitu kwenye Ethereum unalipa ada, ndiyo hiyo gesi, na inalipwa kwa ether, sarafu ambayo bei yake inapanda na kushuka bila kumuuliza mtu. Maana yake kikundi cha dagaa kitalazimika kununua sarafu ya mtandaoni ili kiandike kwamba Mama Fulani ameleta magunia matatu. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo la kuwatahadharisha wananchi kuhusu sarafu hizo na kuwakumbusha kwamba fedha halali nchini ni shilingi. Juni 2021, akizindua jengo la tawi la benki hiyo hiyo hapa Mwanza, Rais Samia aliitaka ianze kujiandaa na mambo hayo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Upepo unabadilika, sikatai. Lakini usiwatume akina mama wa dagaa mbele ya upepo kupima kina cha maji.

Na funguo? Pochi ya Ethereum, yaani programu inayotunza funguo za mtu, inalindwa kwa maneno ya siri, mara nyingi 12. Yakipotea, hakuna wa kumpigia simu. Mama akisahau namba ya siri ya M-Pesa anakwenda na kitambulisho, anahudumiwa, anarudi nyumbani. Wewe unataka kumpa mtu mwenye kitochi kitu ambacho kikipotea kimepotea, kisha useme umemlinda.

Kuna na sheria. Majina, namba za simu na mapato ya watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwenye taarifa haki ya kutaka zirekebishwe au zifutwe. Ukishaziweka kwenye mnyororo wa wazi, utamfutia vipi aliyejitoa kikundini?

Sasa nikupe nitakachofanya kama ningekuwa mimi. Jenga mfumo wa kawaida kwa PHP yako hiyo hiyo, ila jedwali la mizigo usiliruhusu kubadilishwa wala kufutwa. Kosa likitokea, unaongeza mstari mpya wa marekebisho, wa zamani unabaki unaonekana, na jina la aliyerekebisha liko pembeni. Kila mzigo ukiingizwa, mwenye mzigo apate meseji hapo hapo akiwa bado amesimama kwenye mizani. Kitochi kinatosha. Namba ikiwa si yake atapiga kelele wakati gunia liko mbele ya macho, badala ya miezi mitatu baadaye kwenye kikao.

Kisha, kila Jumamosi, mfumo uchukue daftari zima na kulikokotolea alama kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256. Hiyo inakupa herufi na tarakimu 64. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, kwa hiyo alama inaenea na salamu juu yake. Itume kwa wote 34. Siku hiyo hiyo chapa daftari, liweke ndani ya sanduku la kufuli tatu, na faili lenyewe wapewe watatu wanne wenye simu kubwa. Alama ya wiki hii ikokotolewe pamoja na ya wiki iliyopita, ili ziungane kama pingili za muwa. Atakayebadilisha chochote cha nyuma, awe katibu au wewe mwenye nywila, alama haitalingana na ile iliyolala kwenye simu 34. Mwenyekiti alitaka mfumo usioweza kuufuta. Mwambie kweli: kufuta utaweza, kuficha hutaweza. Naamini ndicho alichokuwa anakitaka.

Usidhani nimekupa kitu cha kubahatisha. Mwaka 1991, miaka mingi kabla ya Bitcoin, Stuart Haber na Scott Stornetta waliandika namna ya kugonga muhuri wa tarehe kwenye hati za kompyuta kwa kuziunganisha alama zake. Kampuni yao ikawa inachapisha alama ya wiki kwenye matangazo madogo ya gazeti la New York Times tangu mwaka 1995. Hapakuwa na sarafu wala gesi, gazeti tu, ambalo huwezi kulikusanya nyumba kwa nyumba ukalibadilisha. Aliyeandika waraka wa Bitcoin aliwataja hao wawili. Kwa hiyo ukijenga hivi, utakuwa umejifunza moyo wa blokucheni kwa mikono yako, na akina mama hawatakuwa wamelipa ada ya masomo yako.

Je, blokucheni yenyewe itawafaa siku moja? Inawezekana. Siku ambayo wenye mitumbwi wa Ukerewe, kikundi chenu, wasafirishaji na wanunuzi wa Kongo watataka daftari moja la pamoja, na hakuna hata mmoja atakayekubali mwenzake ndiye alitunze, hapo niandikie tena na nitakuwa na jibu tofauti.

Sasa wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mistari yenye moto ni ile ya kuchoka. Hukuniambia wateja wameisha, umeniambia unajua mpaka jioni utakuwa umefanya nini. Hiyo ni kiu ya kazi ngumu zaidi, na ni kiu nzuri, lakini isije ikajifanya ni utabiri wa mwisho wa tovuti.

Nakuhadithia la kwangu. Enzi zangu nilimtengenezea mwenye hoteli moja ya ufukweni tovuti nzima kwa Flash, teknolojia ya michoro inayosogea. Maji yalikuwa yanacheza, samaki anaruka, muziki unapiga hata usipoutaka. Nilikuwa nikiwaambia watu kurasa za kawaida zimekufa, kwa maneno karibu yale yale ya rafiki yako. Zikaja simu za iPhone mwaka 2007 zisizosoma Flash kabisa, wageni wakawa wanafungua wanaona boksi tupu. Nilirudia kazi yote bila senti, na Flash yenyewe Adobe waliizika 31 Desemba 2020. Zile kurasa "zilizokufa" bado zinafunguka.

Na kuna jambo linachekesha ukilitazama. Mtandao wa kawaida ulizaliwa umegatuliwa. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, waliuachia wazi Aprili 1993, mtu yeyote akaweza kuwasha seva yake bila kuomba ruhusa. Ni sisi tuliojikusanya kwa makampuni machache kwa kupenda urahisi. Hao wa Web3 nao hawajapona ugonjwa huo: Novemba 2020 kampuni moja tu, Infura, inayowaunganisha watu na Ethereum, ilipopata hitilafu, watumiaji wengi wa pochi ya MetaMask walikwama. Mnyororo ulikuwa umegatuliwa, mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja.

Ukiingia, ingia ukijua pia uzito wa kosa. Wewe ukikosea PHP usiku, asubuhi unarekebisha kabla mteja hajanywa chai. Juni 2016 mkataba janja ulioitwa The DAO ulikuwa na kosa dogo: unatoa fedha kwanza, ndipo unapunguza salio. Ni kama wakala anayekuhesabia noti kabla hajakata kwenye simu, nawe unaomba tena, na tena, kabla hajabonyeza. Ether milioni 3.6 zikachotwa. Ilibidi jumuiya ya Ethereum ikubaliane kulibadilisha daftari ili fedha zirudi, na waliokataa wakabaki na mnyororo wao, Ethereum Classic, mpaka leo. Kwa hiyo hata lile neno "hakuna wa kuchezea" lina historia yake. Kaka yako naye anazidisha. Matapeli wamejaa humo, ndiyo, lakini hesabu iliyo chini yake ni ya kweli, na watu makini wanaifanyia kazi.

Kuhusu tokeni za mshahara: za LUKU angalau zinawasha taa. Hizo unazopewa hazina bei, hazina soko, na thamani yake inategemea kampuni ambayo haiwezi kukulipa zaidi ya laki tatu. Mdogo wako halipiwi ada kwa tokeni. Mimi nisingehama Mwanza kwa masharti hayo, na nakwambia bila kuzunguka: usihame.

Lakini mlango usiufunge. Programu zao zina kurasa za mbele ambazo mtumiaji anazifungua, na kurasa hizo ni HTML na JavaScript zile zile unazozijua. Mwandikie rafiki yako wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie utawafanyia kurasa hizo ukiwa Nyegezi, kwa saa utakazokubaliana, kwa shilingi, kwa maandishi. Tokeni wakitaka kukuongezea juu, pokea kama mtu anayepokea kalenda ya mwaka mpya. Akikataa, utakuwa umejua alikuwa anatafuta fundi au anatafuta mtu wa kubeba hasara naye.

Solidity endelea nayo usiku. Tumia mtandao wa majaribio wa Ethereum, ether yake ni ya bure na haina thamani, haribu unavyotaka. Jaribu kuandika ule mkataba wa The DAO na kosa lake, uuibe mwenyewe, kisha uuzibe. Utajifunza zaidi ya wiki tatu zilizopita zote.

Na yule kijana wa laki na nusu mwache. Huwezi kushindana naye kwa kushuka. Tovuti ya bei ile hakuna anayeifanyia nakala ya akiba, hakuna anayeisasisha WordPress yake, na siku itakapodukuliwa mwenye nyumba ya wageni atatafuta namba yako. Uza matunzo ya mwezi kwa mwezi, uza mifumo kama huu wa dagaa. Vikundi vya namna hiyo viko kuanzia Musoma mpaka Bukoba, na kila kimoja kina daftari lenye kurasa zilizochanwa.

Anza na mizani. Na mama akiuliza tena gesi inalipiwa wapi, mwambie ule mtungi wake wa jikoni unatosha.

Mjomba